Ruta ya Chumba cha Nyuma

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungia mtu nyama kabla hujalisoma, usijali, hukukosa raha yoyote. Ofisi alimokuwa karani Muthoki ilifungwa. Cherehani aliyonunua ajishikize nayo ikaibwa kanisani, tena ndani ya ukumbi wa akina mama. Halafu mumewe Mativo, dereva wa lori la saruji kule Mombasa, akakata kauli: mwisho wa mwezi Muthoki achukue watoto, Mumbua na mdogo wake, aende kijijini Kathiani akaishi na mama mkwe.

Muthoki akaomba nafasi moja tu. Alikuwa amepata kazi ya mtandaoni, ya kuwajibu kwa simu wateja wa duka fulani la blanketi lililo ng'ambo. Majaribio yanaisha Ijumaa. Akipita, anabaki Nairobi na kazi yake. Akianguka, lori la kumhamisha linakuja Jumamosi, ndio mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo tulipofika. Haya mengine alinieleza mwenyewe.

Shida ilikuwa nyumba. Wanakaa mtaa wa Mowlem, ghorofa ya tatu, sebule inaangalia barabara, na chini ya sebule kuna fundi wa kuchomelea mageti. Muthoki akiongea na mteja, nyundo inaongea pamoja naye. Mama mmoja wa huko ng'ambo alimwuliza kama blanketi zao zinatengenezwa kwa chuma.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimya kabisa. Lakini ruta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, ilikaa sebuleni kando ya TV, na kuta za nyumba ile ni za mawe. Net ilifika mlangoni mwa chumba ikaishiwa nguvu.

Utaniambia asogeze ruta. Hata yeye alifikiria hivyo. Ila waya uliingilia dirisha la sebuleni, Mativo ndiye aliyeufunga, na Mativo alisema usiguswe. Chumba cha nyuma pia Mativo alisema kisikaliwe, eti kuna mtaro huko nje, harufu na mbu. Pazia la dirisha lile alilipigilia misumari kwa mkono wake.

"Nimeambiwa naweza kuweka ruta ya pili," Muthoki alimwambia kwa simu Jumapili. "Waya inatoka kwa hii ya kwanza inaenda hadi chumba cha nyuma."

"Ruta mbili huchoma nyumba."

"Nani amekwambia?"

"Mimi ndiye nakwambia wewe. Mama Mumbua, kama kazi haiwezekani, haiwezekani. Anza kufunga vitu."

Mtu yuko Mombasa, chumba cha nyuma cha Mowlem kinamwashia nini? Mimi ningeuliza. Muthoki hakuuliza. Alikuwa na miaka mingi ya kumwamini yule mtu, na akili yake yote ilikuwa kwa Ijumaa.

Aliyemtia moyo ni Kavata, rafiki yake wa ghorofa ya chini, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Kwani ako hapa akuone?" Kavata akasema. "Weka ruta, upite, ndiyo umwambie. Akija kukasirika, akute uko na job."

Jumatatu asubuhi wakaenda kwa Shamso, pale karibu na stage ya matatu, anayeuza ruta na simu zilizotumika. Shamso huongea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Hii hapa. Vuta waya kutoka ile ya kwanza. Jina la net liwe lile lile. Password ile ile. Simu ikitoka sebuleni ikaingia chumbani isijue hata imehama."

"Jina lile lile?" Muthoki akauliza.

"Lile lile. Simu yoyote iliyowahi kuingia kwa net yako itaingia yenyewe, haikuulizi."

Kumbuka hilo neno. Muthoki hakulikumbuka mpaka baadaye, na nikisema baadaye namaanisha amechelewa.

Wakavuta waya ukutani, wakaushika kwa misumari midogo, wakaiweka ruta ya pili kwenye kizingiti cha dirisha la nyuma, nyuma ya pazia lile. Kavata akachomeka waya kwenye tundu la bluu kwa sababu lilikuwa la kupendeza kuliko mengine. Taa zikawaka. Muthoki akavaa spika za masikio, akaingia kazini.

Dakika chache tu, net ikafa nyumba nzima. Mteja alikuwa katikati ya kulia kuhusu blanketi la mamake.

Msimamizi wake, Nabiswa, akapiga simu papo hapo. "Muthoki, hii ni mara ya kwanza. Nimeandika ni stima imepotea. Ikikatika tena, mimi siwezi kukutetea."

"Haitakatika."

"Nakuombea hivyo."

Akampigia Shamso. Shamso hakushangaa hata kidogo.

"Mmetumia tundu la bluu, si ndiyo? Na hukuzima ile kazi yake ya kugawa namba. Sikiza. Ruta mbili haziwezi zote kuwa landlord kwa nyumba moja. Moja igawe vyumba, ingine ikae kama mpangaji. Toa waya kwa bluu, weka kwa hizi za njano. Halafu ingia ndani yake, nitakuonyesha pa kuzima."

Akamwongoza hatua kwa hatua, Muthoki akibonyeza, Kavata akisoma kwa sauti kila kitu hata visivyohitajika. Kisha wakangoja.

Net ikarudi. Ikaja chumba cha nyuma imejaa tele. Muthoki alikaa kitandani akacheka peke yake, halafu akalia kidogo, halafu akajipangusa akaenda kumwuzia mtu blanketi.

Jumanne alifanya kazi bila kukatika hata mara moja. Nabiswa akamwandikia kwamba wateja wanamsifu. Usiku huo Muthoki alifungua mizigo miwili aliyokuwa ameifunga, akarudisha sufuria jikoni. Alikuwa ameanza kuamini.

Sasa sikiliza ya Jumatano.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, fundi wa mageti amenyamaza, Muthoki na Kavata wanakula githeri sebuleni. TV imezimwa, imefunikwa kile kitambaa cha kusuka cheupe kama TV zote za watu wenye adabu. Mara chini ya kitambaa likatoka gitaa.

Benga. Benga ya Kikamba, tena kwa sauti ya juu.

Kavata akabaki na kijiko hewani. "Umeiwasha?"

"Rimoti iko kwa droo."

Muthoki akainuka, akafunua kitambaa. Kwenye kioo wanawake wanne walikuwa wanacheza wamevaa sare. Ulikuwa ule wimbo Mativo hupenda kuweka Jumapili akipiga nguo pasi, na huurudia mpaka majirani wachoke.

Sauti ikapanda yenyewe. Halafu ikashuka. Halafu TV ikazima, kimya.

"Ni pepo," Kavata akasema, na sasa kweli alinong'ona. "Muthoki, tuite pasta. Mtu asije akawa amepata ajali huko Mombasa na roho imekuja kuaga."

Muthoki akampigia Mativo. Simu ikaita, ikaita, haikushikwa. Akampigia Shamso.

"TV haina pepo," Shamso akasema. "Mtu ametuma video kwa simu yake, simu ikapeleka kwa TV inayoijua. Labda alitaka TV ingine akabonyeza yako."

"Simu yangu iko hapa mkononi."

"Basi ni ingine. Lakini lazima iwe imeingia kwa net yako, na iwe imewahi kutumia hiyo TV."

"Iliyowahi ni ya mume wangu peke yake. Na yeye yuko Mombasa."

Shamso, anayeongea haraka namna ile, sasa akaongea polepole.

"Dada," akasema, "net yako haifiki Mombasa."

"Inafika wapi?"

"Ukuta wako wa nyuma, na ng'ambo kidogo. Nyumba iliyo nyuma yako ni ya nani?"

Muthoki hakujua. Wewe unayekaa huku kwetu Eastlands unaelewa. Ghorofa zimepeana migongo, katikati ni mtaro na kamba za nguo, lakini lango la wale wengine liko mtaa mwingine kabisa. Kufika kwao unazunguka hadi posho mill, pale pa kusaga unga, unapita kanisa, unarudi. Unaweza kukaa na mtu hivyo miaka, unajua rangi ya shuka zake na hujawahi kumwona uso.

Alirudi kazini mchana huo kwa sababu zamu ni zamu. Aliuza blanketi na kichwa hakimo. Kila mteja akinyamaza kidogo, yeye alikuwa anaangalia ile misumari kwenye pazia. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Alikunywa maji mpaka tumbo likajaa.

"Tujaribu," Kavata akamwambia zamu ilipoisha. "Akipiga video, mimi nachomoa hiyo ruta ya nyuma. Wewe kaa sebuleni kwa ile ya mbele, yako haitakatika. Kama yuko Mombasa, hatajua hata kitu."

"Sitaki."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa kujua kabla ya Ijumaa," Muthoki akasema. "Nikijua leo, kesho nitaongeaje na wateja? Wacha nipite kwanza."

Alikuwa na haki. Mtu akiwa ameshika kamba moja tu, humwulizi kamba imefungwa wapi. Kavata akafungua mdomo ajibu, na simu ikalia. Mativo. Video.

Wakaangaliana. Muthoki akaitikia kwa kichwa. "Ukitaja sufuria, nachomoa," Kavata akasema, akavua viatu, akaenda chumba cha nyuma. Muthoki akaketi sebuleni, akavuta pumzi, akapokea.

"Mama Mumbua," Mativo akasema. Nyuma yake ulikuwa ule ukuta mweupe wa siku zote. "Ulinipigia mchana. Nilikuwa napakia saruji."

"Nilikuwa nakusalimia tu. Hapo uko wapi?"

"Si hapa kwa yadi. Changamwe. Joto ni la kufa mtu."

Muthoki aliangalia paji la uso wake. Lilikuwa kavu.

"Net ya huko leo iko safi," akamwambia. "Nakuona vizuri hata ndevu."

"Wameweka ingine." Akakohoa. "Na yako? Hujabadilisha kitu chochote hapo kwa nyumba?"

"Kitu kama nini?"

"Nauliza tu. Kama kuna kitu umebadilisha, si uniambie."

Hapo ndipo Muthoki alipoelewa, hata kabla Kavata hajachomoa. Mativo alikuwa ameona net ya nyumbani imemfikia mahali haikupaswa kumfikia. Alijua kuna ruta ya pili. Alitaka kugomba na hakuwa na pa kuanzia, maana angesema ameijuaje?

Muthoki aligeuka kuelekea korido, akasema kwa sauti ya juu maneno waliyokuwa wamekubaliana, "Ngoja kidogo nitoe sufuria kwa moto."

Mativo akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, mkono umefika shingoni na kubaki hapo. Kwenye kioo cha Muthoki kila kitu kingine kilikuwa kinaenda sawa. Ni mumewe tu aliyesimama.

Alimwangalia akiwa vile. Alikuwa amezaa na huyu mtu watoto wawili. Alikuwa amemwandalia chapati za safari kila akienda Mombasa, azile njiani, na njia yote ilikuwa kuzunguka posho mill.

Simu ikalia, sasa ni laini ya kawaida.

"Hello? Net ya huku Mombasa ni takataka," Mativo akasema. "Imeenda tena."

"Pole," Muthoki akajibu. "Usikate. Nakuja."

Akaenda chumba cha nyuma, simu sikioni. Kavata alikuwa amesimama na waya wa ruta mkononi. Pazia lilikuwa limeng'olewa upande mmoja, misumari iko sakafuni, na dirisha liko wazi. Kavata alikuwa ananyoosha kidole nje.

Ng'ambo ya kamba za nguo, dirishani mwa ghorofa ya tatu ya wale wengine, kulikuwa na mwanamke. Kijana, sura nzuri, nywele amefunga kitambaa. Alikuwa ameegemea kizingiti kwa shida, maana tumbo lilikuwa kubwa.

"Hatimaye mmefungua," yule mwanamke akaita, na alikuwa anatabasamu. "Mimi hudhani hako kachumba hakana mtu. Samahani, dada, net imezima kwenu pia? Nilikuwa nimeanza kuizoea."

"Hello?" Mativo akasema sikioni. "Hello?"

Na ile "hello" ya pili Muthoki aliisikia mara mbili. Moja kwa simu, moja ikitoka ndani ya lile dirisha.

"Imezima kidogo," Muthoki akamjibu yule mwanamke. Alishangaa sauti yake ilitoka sawa tu. "Wewe ni nani?"

"Kwani hakukuambia? Mimi Shiku. Wa Mativo." Akacheka kwa aibu. "Yeye husema dada yake ni mkali, ndiyo maana hukwambia yuko Mombasa, na mimi nisije kusumbua. Lakini nikamwambia sasa hivi, si huyo unaongea naye ndiye dada yako, net ikienda si nimwulize tu kwa dirisha."

Sikioni Mativo alikuwa ameacha kusema hello.

"Muthoki," akasema polepole. "Toka hapo dirishani."

Hakutoka. Kavata alimshika kiwiko, naye akamwacha amshike.

"Na asante sana," Shiku akaendelea. "Mativo ameniambia unarudi ushago Jumamosi ukae na mamako, na hiyo nyumba mmetuachia sisi. Hapa kwangu ni chumba kimoja, na mtoto anakuja. Nimekuombea baraka, haki. Hata nilikuwa nataka kukuuliza, dirisha la sebule ni futi ngapi? Ndiyo nikate mapazia mapema."

Basi ndiyo hiyo, msomaji wangu. Kazi haikutakiwa kufaulu. Ilitakiwa ianguke. Ruta ilitakiwa ibaki sebuleni kando ya nyundo, na Jumamosi ilikuwa imeshapewa mtu.

"Nakuomba," Mativo akanong'ona. "Hajui. Ukimwambia sasa hivi na hiyo hali yake, likitokea jambo utajisamehe? Nakuomba kama mama wa watoto wangu. Funga dirisha, tutaongea."

Muthoki alimwangalia Shiku. Alitaka kumchukia. Alitafuta chuki pale pote akapata hasira tupu, na hasira ile haikuwa ya yule msichana aliyesimama na tumbo akingoja kuambiwa futi za dirisha.

Akachukua waya kwa mkono wa Kavata, akauchomeka. Taa ya ruta ikapepesa nyekundu, ikaenda kijani.

"Shiku," akaita. "Net imerudi. Mwambie anipigie tena ile video, hatukuwa tumemaliza. Na ukae karibu naye, nikuone vizuri. Hizo futi nitakuonyesha."

"Sawa, dada." Shiku akageuka kwa furaha, akaingia ndani. Kwa simu Muthoki akasikia hatua zake zikikaribia, halafu sauti yake: "Leta hiyo simu. Anasema tumpigie video. Mativo, leta basi, kwani una nini? Mbona unatetemeka?"

Laini ikakatika.

Kule chini fundi alikuwa ameanza tena na geti lake. Muthoki alisimama na simu mkononi, hajui anasubiri iite au isiite.

Ikaita.

Akapokea. Hakumwona Mativo wala Shiku. Alimwona mwanamke amesimama dirishani ghorofa ya tatu, pazia limening'inia upande mmoja, amenyoosha simu mbele yake kwa mikono miwili. Shiku alikuwa amegeuza kamera, anamwonyesha yeye mwenyewe.

"Ona dada yako huyu hapa," Shiku alikuwa anasema nyuma ya picha. "Mativo, si umsalimie."